Kafala ya Yatima: Je, Chakula na Nguo Vyatosha?

 

Muislamu akimchukua mtoto wa ndugu yake aliyekufa, akamlisha, akamvika na akamtia chuoni, watu husema amekwisha timiza haki ya yatima. Neno hili lina walakini. Aqra bin Habis aliposema kwamba ana watoto kumi wala hajapata kumbusu hata mmoja, Mtume (s.a.w.) alimjibu kwamba asiyerehemu harehemewi, na haikupokewa kwamba watoto wale walikuwa na njaa.

Itazamwe sira. Mtume (s.a.w.) alipokuwa na miaka 6 alifiwa na mama yake huko Abwa, na alipokuwa na miaka 8 akafiwa na babu yake. Nyumba zilibadilika, lakini Ummu Ayman, aliyemrejesha Makka kutoka Abwa, hakubadilika, na hata ukubwani alikuwa akimheshimu kama mama. Mtoto hutia moyo wake kwa mtu, si kwa nyumba. Wataalamu wa zama hizi nao wameyaona hayo. Mjini Bucharest, katika nchi ya Romania, katika uchunguzi ulioanza mwaka 2000, watoto wadogo 136 wa nyumba za mayatima waligawanywa kwa kura. Nusu wakapewa walezi majumbani, nusu wakaachwa walipo. Waliopata walezi walisitawi zaidi kwa akili na kwa kutulia na mlezi wao. Na wale wengine walikuwa wakilishwa vilevile.

Ugumu uko hapa: mtoto aliyeachwa mara mbili tatu humwogopa hata anayempenda. Huiba chakula na hali sahani imejaa, akikumbatiwa hujitoa, akikaripiwa hucheka. Mlezi asiyejua huona ni utovu wa shukrani, akashika bakora, na mtoto akazidi kuyakinisha kwamba watu wote ni wa kuogopwa. Qur'ani imekataza yatima asionewe wala asisukumwe, na kusukuma si kwa mkono tu.

Atasema mtu: huruma haisomeshwi. Kweli, asili yake imo moyoni. Lakini na nia ya sala imo moyoni, na juu ya hayo mtu husomea nguzo za sala. Huko Uingereza, Kim Golding, mtaalamu wa elimu ya nafsi, ametunga mafunzo ya walezi wa watoto wasiowazaa: kikundi hukutana mara 18, wakajifunza kutafuta hofu iliyo nyuma ya kitendo kabla ya kukihukumu, na kila mmoja akatambua kwamba taabu ya nyumbani kwake iko na kwa mwenziwe. Hapana humo linalogusa nasaba ya mtoto. Kafala hubaki kafala, kama ilivyotambuliwa katika sheria ya watoto ya Kenya ya mwaka 2022. Msikiti wenye walezi watano sita waweza kuwakusanya baada ya Isha, na wanaume wasiseme kwamba hiyo ni kazi ya wake zao.

Imebaki shaka moja: kueleza makosa ya mtoto mbele ya wenziwe si kusengenya? Imamu Nawawi ameruhusu mtu kutajwa na mwenye kutaka fatwa, na akaona bora asitajwe kwa jina. Kwa kipimo hicho, mlezi ataeleza kadiri ya haja, na waliosikia hawatayatoa nje. Ama aibu za wazazi wa mtoto, ambazo kuzijua hakumsaidii mtu kumlea, hizo hazimo katika ruhusa.