Hana Alipoitwa Mlevi

Somo letu la Jumapili hii ni 1 Samweli 1:9-18.

Hana alikuwa Shilo, katika nyumba ya Bwana, akiomba kwa uchungu. Midomo ilicheza, sauti haikusikika. Eli kuhani akamtazama, akaamua kwamba amelewa, akamkemea. Tufikirie: mama amekuja kulia mbele za Mungu, na anayemshutumu ni mtumishi wa Mungu. Wengi wetu tungehama kanisa siku hiyo hiyo, baada ya kuandika kwanza kwenye kundi la WhatsApp.

Hana alijibu. Hapo tusipite haraka, maana tumezoea kufundishana kwamba upole ni kunyamaza. Alikana shutuma, akaeleza huzuni yake, na bado akamwita Eli bwana wake. Hakumtajia Hofni na Finehasi, wanawe ambao uovu wao ulisikika Israeli yote. Eli akageuza kauli, akambariki.

Si kila mshutumu hugeuka. Februari 1977, askari waliingia usiku nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum, Kampala, wakitafuta silaha. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya heshima isiyoficha walilotendewa. Tarehe 16 mwezi huo huo Luwum aliuawa.

Yetu hapa DeSoto si mazito hivyo, lakini yanauma. Mtu anatoka zamu ya usiku, simu inaita kutoka nyumbani: umetusahau, umekuwa Mzungu, dola umezikalia. Na mwezi huo kodi ya nyumba imelipwa kwa kukopa. Au ndugu aliyeshika michango ya msiba: amehangaika mpaka mwili ukasafirishwa, kisha anasikia minong'ono kwamba fedha zimeliwa. Wako walioacha kabisa kuhudumu kwa maneno ya namna hiyo.

Kwa walioko nyumbani, tueleze kama Hana: kodi ni kiasi gani, saa za kazi ni ngapi, mwezi huu tunaweza nini. Tusiwahesabie kila shilingi tuliyotuma tangu tufike Marekani. Na kulala kwanza kabla ya kujibu si dhambi.

Kuhusu michango, tusome 2 Wakorintho 8:20-21. Paulo alipokusanya sadaka kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alitaka ndugu wengine waandamane nayo, asije mtu akawalaumu. Hakuona kwamba kukaguliwa ni kutukanwa. Basi fedha za msiba zishikwe na watu wawili au zaidi, na risiti zionyeshwe kabla hazijaulizwa.

Tena tusijione sisi ni Hana kila mara. Juma hili pengine ni sisi tuliomwona mwenzetu amechelewa ibada, au hakuchanga, tukatoa hukumu. Eli alikuwa karibu kiasi cha kuona midomo ya yule mama ikicheza. Angeweza kuuliza.