KUFUNGWA UZAZI: MWANAMKE AELEZWE UKWELI



Shukrani zote zinamstahiki Allah, mwenye kutuumba na kuturuzuku watoto. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad:

Ndugu waumini, nawausia, nikianza na nafsi yangu, tumche Allah.

Leo tuseme jambo ambalo watu hulinong'ona tu. Mwanamke amezaa kwa kupasuliwa mara tatu au mara nne. Daktari anaona mimba nyingine inaweza kupasua mji wa mimba na kumuua. Anashauri mirija ya uzazi ifungwe. Mume anatia sahihi karatasi kule nje, na kisu kinapita. Je, mwanamke mwenyewe ameulizwa? Ameelezwa yanayoweza kumpata baadaye?

Hukumu inajulikana. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, lilisema ni haramu kukata kabisa uzazi wa mwanamume au wa mwanamke, isipokuwa kwa dharura inayokubaliwa na sharia. Kuokoa roho ya mama ni dharura. Lakini dharura inahalalisha kupasua, haihalalishi kuficha.

Basi aelezwe nini?

Kwanza, kila upasuaji una hatari zake: maumivu, kutoka damu, kidonda kuoza, madhara ya dawa ya usingizi, na mara chache utumbo au kibofu kujeruhiwa. Akipata homa, usaha, au maumivu yanayozidi, arudishwe hospitali siku ileile.

Pili, kufunga si kinga kamili. Katika wanawake 1,000, karibu 5 hushika mimba mwaka wa kwanza. Mimba hiyo inaweza kukaa ndani ya mrija, ikaupasua, ikaua. Hedhi ikikosa kuja na tumbo likauma, asingoje nyumbani.

Tatu, kufungua tena ni kazi ngumu, na wengi hawafanikiwi. Wanaofungwa kabla ya miaka 30 ndio hujuta zaidi.

Aelezwe pia yasiyo kweli. Kufungwa mirija hakukatishi hedhi, wala hakuondoi hamu ya ndoa.

Wako wanaosema: "Tukimweleza yote ataogopa, atakataa, kisha atakufa na mimba." Ndugu zangu, hofu hutibiwa kwa maelezo. Aliyefichwa hazijui dalili za hatari. Tumbo linamuuma, yeye anadhani ni la kawaida, anakunywa majani, anafia kitandani. Tulificha ili tumwokoe, na kule kuficha ndiko kulikomuua.

Tazameni Suratul Baqara. Allah ametaja mume na mke kuridhiana na kushauriana hata katika kumwachisha mtoto kunyonya. Ikiwa ziwa linataka mashauri, mji wa mimba je? Mume ana haki ya kushauriwa, na mke ana haki zaidi, kwa kuwa mwili ni amana aliyopewa yeye, naye ataulizwa juu yake. Hata sheria ya afya ya Jamhuri yetu ya mwaka 2018 inataka idhini huru ya mwenyewe.

Nanyi waume: usingoje siku ya uchungu wa kuzaa. Mimba ikiwa bado changa, nendeni wawili kwa daktari, mwulize, msikilize pamoja. Aliyefungwa kwa dharura akiugua, usiseme ni laana. Usimrudishe kwa baba yake kwa kuwa hazai tena. Alikaribia kufa akikuzalia. Na nyinyi mama wakwe na majirani, chungeni ndimi zenu.

Ee Allah, wahifadhi mama zetu, wake zetu na binti zetu. Waponye wagonjwa wao. Wape madaktari wetu elimu na uaminifu, na utujaalie tuwe wakweli majumbani mwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.