UPEPO ULIUNUNUA DUKA GANI?

Kijana mwenzangu wa Singida, usiitupe karatasi hii! Nina swali moja tu, nalo si la darasani: yule aliyefika mbali kuliko wewe, je, anastahili sifa zote anazojipa?

Twende pwani kidogo. Bagamoyo au Unguja utaiona ngalawa. Ni gogo moja, mara nyingi la mwembe, limechongwa likawa wazi ndani. Huku na huku zimefungwa mbao zinazoelea ili isipinduke. Ina mlingoti na tanga la pembe tatu. Upepo ukigoma, mvuvi anashusha tanga, anashika kafi, anapiga maji kwa mikono yake.

Sasa angalia. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi; katikati ya mwaka huja kusi. Wakati wa kusi, anayekwenda kaskazini anateleza tu. Mwenzake anayeelekea kusini siku hiyo hiyo, jasho linamtoka. Wewe uliyesimama ufukweni utasema nani mvivu? Utamcheka yule anayetoka jasho!

Ndivyo tunavyofanya mtaani. Mmoja ana mjomba Dar es Salaam, karo ililipwa, kazini akashikwa mkono. Mwingine kauza alizeti ya mama yake, bei imeanguka, yuko kijiweni. Wa kwanza tunasema "kajituma." Labda kajituma, sikatai. Lakini upepo aliununua duka gani?

Najua utaniambia, "Basi kaka, mimi sina upepo, nikae." Hapo nakukatalia! Upepo wa Singida tunaujua. Mama zetu hupepetea uwele na mtama. Mama anausubiri, kweli, lakini amekwisha kupura, na ungo uko mkononi. Hata mwenye tanga hasinzii: anashika usukani, anachota maji yaliyoingia, na upepo ukimjia usoni anakwenda upande huu, anageuza, anakwenda upande ule, mpaka afike.

Kwa hiyo mimi namsifu mtu kwa kafi, si kwa tanga. Ila kuna jambo linaninyima usingizi zaidi. Mwenye tanga anampita mwenye kafi aliyechoka, na kamba anayo chomboni. Akimvuta atachelewa sokoni, samaki wake watashuka bei. Hiyo ni hasara ya kweli, tusidanganyane. Je, anadaiwa hasara hiyo? Mimi nasema anadaiwa, maana mwendo anaoogopa kuupoteza hakuutoa mikononi mwake.