Wanangu Mafundi, Kwanza Mwenye Kompyuta Ajue

Wanangu mafundi wa kompyuta, mnaozunguka na begi la waya na flashi kutoka shuleni hadi zahanati, kutoka dukani hadi ofisi ya SACCOS, nasikia siku hizi mnafunga vile vidude vya kuongoza kompyuta kutoka mbali, na mnavisifia sana. Mna haki ya kuvisifia. Mteja akipiga simu usiku kwamba seva imegoma kuwaka, huhitaji kutafuta bodaboda. Unafungua simu yako, unaiona skrini yake, unaingia kwenye BIOS, unapiga Windows upya, na asubuhi watu wanahudumiwa kama kawaida. Zamani uwezo huo ulikuwa wa wenye fedha. Seva za HP zilikuja na iLO, za Dell na iDRAC, na vifaa vya pembeni vya kazi hiyo vilikuwa ghali kiasi kwamba fundi wa mtaani alivisoma tu kwenye katalogi. Raspberry Pi ilipotoka mwaka 2012, watu wakaanza kujiundia vya kwao. Ndipo tukapata PiKVM, TinyPilot, NanoKVM, na JetKVM iliyoanza kuuzwa kwa dola 69.

Siwaambii mviache. Nataka mjue mmeshika nini, maana wengi wenu mnakiita AnyDesk ya chuma, na hapo ndipo mnapokosea.

AnyDesk ni programu. Inaishi ndani ya Windows, mwenye kompyuta anaiona, anaweza kuifunga, na Windows ikifa nayo inakufa. Kidude hiki hakiingii ndani hata kidogo. Kinapokea picha kwa waya wa HDMI, na kompyuta inaamini imewekewa skrini. Kinachomekwa kwenye USB, na kompyuta inaamini imepata kibodi na mausi. Ukikipakia faili la ISO, inaamini umechomeka flashi. Ukiunganisha nyaya zake kwenye pini za swichi ya kuwashia, inaamini mtu amebonyeza. Antivairasi haina cha kulalamikia, kwa sababu inachokiona ni skrini na kibodi tu. Kukifunga ni kumkalisha mtu kwenye kiti cha mhasibu, na mtu huyo anaweza kuwa Mwanza au Dubai.

Sasa fikirini jambo moja. Mhasibu ameenda kuswali Adhuhuri, ameacha programu ya hesabu wazi. Aliye mbali anaandika malipo. Kumbukumbu za mfumo zitasema nini? Zitasema mhasibu, kwa jina lake, kwenye kompyuta yake, ndani ya ofisi yake, ndiye aliyelipa. Hakuna mahali humo patakapoandikwa kwamba kulikuwa na mtu wa pili kwenye kibodi. Mtu asiye na kosa anaweza kufukuzwa kazi au kupelekwa polisi kwa ajili ya kidude ulichokificha wewe nyuma ya kompyuta, katikati ya waya zenye vumbi.

Na mtaombwa mkifiche, wala msishangae. Mkurugenzi atakuita pembeni, atafunga mlango, atasema ana wasiwasi na keshia wake, anataka amwangalie bila yeye kujua. Atasema kompyuta ni zake, umeme ni wake, na atakulipa mara mbili. Kompyuta ni zake kweli. Lakini keshia huyo akifungua ujumbe wa hospitali kuhusu mwanawe, wewe na mkurugenzi mtausoma. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya wana ya kwao ya mwaka 2019, na zote zinataka mtu ajue taarifa zake zinachukuliwa kwa sababu gani. Mjibu kwa adabu: mzee, nitafunga, ila tuandike kwenye karatasi, na wafanyakazi waambiwe. Akikataa karatasi, ameshakueleza anachokitaka.

Ikiwa hata mwenye kompyuta hakutoa ruhusa, hapo hatuzungumzii adabu tena. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inaweka, kwa kuingia tu kwenye kompyuta ya mtu bila idhini, faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida uliyoipata, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 inafika shilingi milioni 5 za huko na miaka mitatu. Hakuna kifungu kinachomsamehe fundi kwa kuwa alitumwa.

Kuna mtego mwingine unaonitia hofu zaidi, kwa sababu unakuja na sura ya kazi halali. Nchini Marekani waliibuka watu wanaokaa na kompyuta mpakato za kampuni majumbani mwao, makumi kwa makumi, wakiziwasha kila siku. Kampuni ziliamini zimeajiri Wamarekani wanaofanyia kazi nyumbani, na zikatuma kompyuta kwenye anwani zilizopewa. Waliokuwa wakifanya kazi hizo ni wataalamu wa Korea Kaskazini, waliojipatia ajira kwa vitambulisho vya kuiba, na mishahara ikaenda kwa serikali yao. Mwanamke mmoja wa Arizona alikutwa na kompyuta zaidi ya 90 nyumbani. Mpango aliousaidia uliingiza zaidi ya dola milioni 17 kutoka kampuni zaidi ya 300, na Julai 2025 alihukumiwa kifungo cha miezi 102, yaani miaka minane na nusu. Mwezi mmoja kabla ya hukumu hiyo, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kwamba sehemu 29 katika majimbo 16 zilipekuliwa kwa tuhuma za namna hiyohiyo. Katika kesi ya Massachusetts iliyotangazwa siku hiyohiyo, waendesha mashtaka walieleza kwamba kompyuta zilifungwa vidude hivi tunavyovizungumzia. Ni rahisi kuona kwa nini. Kompyuta ya kampuni inakataza kuwekewa programu ngeni, lakini haikatazi kuchomekwa kibodi.

Mtaniambia Arizona ni mbali. Lakini nani kati yenu hajaona tangazo la kukodisha akaunti ya kazi za mtandaoni, au mtu anayetafuta kijana mwenye umeme wa uhakika na intaneti nzuri ili "ahifadhi" kompyuta mbili tatu kwa malipo ya kila mwezi? Anayetaka chumba chako, umeme wako na anwani yako, huku hataki umjue, anatafuta wa kukamatwa badala yake. Yule mama wa Arizona hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Alikuwa na nyumba, na nyumba ilitosha.

Haya, tuseme kazi ni halali na karatasi imesainiwa. Bado kuna uzembe unaoniudhi. PiKVM inatoka na jina admin na neno la siri admin, na kwa ndani root kwa root. Waundaji wake wanasema wazi, badilisha mara ya kwanza unapoiwasha. Nendeni mkaangalie vyenu. Halafu kuna anayefungua mlango kwenye rauta ili akifikie kidude moja kwa moja kutoka intaneti, eti VPN inamchelewesha. Mwanangu, kuna mashine zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikijaribu milango, na hazichoki. Weka WireGuard au Tailscale mbele yake, na mtandao wake utenge na ule wa wageni.

Msidhani pia jina kubwa linatosha kuwakinga. Mwaka 2017 iligundulika kwamba iLO 4 ya HP, kifaa kilichoaminiwa na benki, ilifunguka bila neno la siri kwa mtu aliyetuma herufi A mara 29 mahali fulani kwenye ombi lake. Dosari ilizibwa, lakini seva ambayo fundi wake hakuweka sasisho ilibaki wazi. Na mtafiti mmoja wa Slovenia alipoichunguza NanoKVM alikuta humo maikrofoni ndogo. Bodi yake ilibuniwa kwa kazi nyingi, ndiyo sababu ilikuwemo, ila wengi walionunua hawakuwa na habari. Wewe unayekifunga kwenye chumba cha daktari unatakiwa ujue kilichomo kabla ya daktari.

Kosa ninalolihofia kuliko yote ni dogo na halina uhalifu ndani yake. Mnamaliza kazi, mnafunga ukurasa kwenye simu, mnalala. Kufunga ukurasa hakufungi kompyuta. Uliingia kwa akaunti ya msimamizi, na akaunti hiyo inabaki wazi kwenye skrini ya ofisi hadi mfagiaji anapofika alfajiri. Funga kompyuta yenyewe kwanza, ndipo ufunge ukurasa. Na ukitaka kubandika neno la siri, tazama ni dirisha gani linalopokea maandishi, maana kidude kinaandika herufi moja moja kama kibodi, na mtu wa ofisini akifungua WhatsApp katikati, neno lote litaingia humo. Mwambieni aliyepo ofisini kabla hamjashika chochote. Simu moja inatosha: nagusa mashine yako sasa, usiiguse mpaka nikupigie. Ile swichi ya kuzimia kwa nguvu nayo iacheni mpaka mmeulizana, kwa sababu hifadhidata iliyokatwa umeme katikati ya kuandika haiamki salama kila mara.

Bandikeni kijikaratasi juu ya kidude: jina lako, namba yako ya simu, tarehe kilipofungwa, na aliyeidhinisha. Fundi atakayekuja baada yako asikikute kama kitu cha ajabu. Na siku mkataba unapokwisha, hata kama mmegombana na bado wanakudai au unawadai, usikiache kikiendelea kufanya kazi ili uwachungulie. Kichomoe, futa akaunti yako mbele yao, kiweke mkononi mwa mwenyewe, akusainie kwamba amekipokea.