Refa Kakosea au Kanunuliwa?



Kijana mwenzangu, kama unakaa Magomeni hapa Mtwara, unajua kwamba mechi haiishi refa anapopuliza filimbi ya mwisho. Hapo ndipo inaanza nyingine, ya maneno. Inaanzia kwenye kibanda umiza, inahamia kijiweni, kesho yake iko kwenye bodaboda, na Jumapili baada ya Misa utaikuta hapo nje ya kanisa. Ubaya uko wapi? Mpira unatukutanisha Wakristo na Waislamu, wazee na watoto, Yanga na Simba. Ila katika mechi hii ya maneno kuna mtu mmoja anayepigwa na hayupo kujitetea: refa.

Chukua ile ya tarehe 5 Aprili 2024, Ijumaa ndani ya Oktava ya Pasaka. Yanga walikuwa Pretoria kurudiana na Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mechi ya kwanza Dar es Salaam ilikuwa 0-0. Kipindi cha pili Aziz Ki akaachia shuti, likagonga mtambaa wa panya, mpira ukadunda chini karibu na mstari, ukatoka. Refa Dahane Beida wa Mauritania hakutoa goli, na VAR haikubadilisha kitu. Ikaisha 0-0 tena, Sundowns wakapita kwa penati 3-2.

Nchi nzima ikawa na wachambuzi. Wengi walisema mpira ulivuka, na picha iliyosambaa kwenye simu ilionyesha hivyo. Mimi sina shida na hilo. Shida iko kwenye sentensi iliyofuata: "Refa kala hela."

Angalia vizuri, hizo ni hukumu mbili tofauti. Ya kwanza inahusu mpira. Sheria ya 10 ya soka inasema mpira wote lazima uvuke mstari wote, hewani au chini. Hilo linaweza kuangaliwa, ingawa hata hapo kamera ikikaa pembeni ya mstari inaweza kudanganya macho. Hukumu ya pili inahusu moyo wa mtu: kwamba aliona goli, akajua ni goli, akalikataa makusudi kwa sababu amelipwa. Kwa hiyo ya pili, wewe na mimi tulikuwa na picha gani?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inaiita dhambi hii hukumu ya haraka: kuamini ovu la maadili juu ya jirani bila msingi wa kutosha, hata kama ni kimyakimya moyoni. Namba inayofuata, kwa kumtegemea Mtakatifu Inyasi wa Loyola, inatutaka tujitahidi kwanza kuyaelewa maneno na matendo ya mwenzetu kwa upande mzuri. Naye Nikodemo, Wafarisayo wenzake walipokuwa wameshamhukumu Yesu, aliwauliza kama sheria yao inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza (Yohane 7). Walimjibu kwa kejeli. Hata kijiweni ukiuliza swali hilo utaitwa Simba.

Mtu atasema: "Lakini rushwa ipo kwenye mpira, tusijifanye hatujui." Kweli ipo. Novemba 2016 Afrika Kusini iliifunga Senegal 2-1 kutafuta Kombe la Dunia, na refa Joseph Lamptey wa Ghana alitoa penati kwa mpira uliomgonga Koulibaly gotini. FIFA wakachunguza, Lamptey akafungiwa maisha mwaka 2017, na mechi ikarudiwa. Kwa hiyo upendo wa Kikristo hautudai tuwe vipofu. Klabu ikiona imeonewa, iandike barua CAF, idai uchunguzi. Hiyo ni haki. Ila Lamptey alifungiwa baada ya ushahidi kupimwa na yeye kupata nafasi ya kujitetea. Kelele za mashabiki peke yake zisingetosha.

Na makosa ya kawaida nayo yapo. Kombe la Dunia 2010, palepale Afrika Kusini, Frank Lampard wa Uingereza aligonga mwamba, mpira ukadunda ndani kabisa dhidi ya Ujerumani, refa hakuona. Watu waliendelea kusema ukweli juu ya ule mpira, na mwaka 2012 teknolojia ya mstari wa goli ikaruhusiwa. Mchezo ulirekebishwa bila haja ya kumwita mtu mwizi.

Hapa wachambuzi wa redio na televisheni wana mzigo mkubwa. Mchambuzi mzuri anasimamisha picha, anaeleza sheria, anasema "kwa pembe hii naona hivi." Mwingine anatabasamu tu: "Mimi sisemi, ila mjiongeze." Huyo kasema tayari. Na wewe ukikata kile kipande ukakiweka status, umesema naye.

Kwa nini naling'ang'ania jambo la mpira? Kwa sababu ulimi hauna jezi. Ukizoea kumwita mwizi mtu wa Mauritania usiyemjua, kesho ni zamu ya mhazini wa jumuiya ambaye hesabu yake imepungua, au dada aliyeshushwa na gari usiku. Na tunajua mitaani kwetu neno "mwizi" likipigiwa kelele linafanya nini. Kuna watu wameuawa kabla hata hawajaulizwa jina.

Kwa hiyo kijana, mechi ijayo jaribu haya matatu. Sema ulichoona, usiseme usichoweza kuona. Jiulize: uamuzi uleule ungetubeba sisi, ningesema refa kanunuliwa, au ningesema "mpira ndivyo ulivyo"? Na kama ulishasambaza tuhuma usizoweza kuzithibitisha, usiishie kwenye kitubio. Kanisa linafundisha kwamba aliyeharibu jina la mtu ana wajibu wa kulirekebisha. Uliowatumia, watumie tena: "Ile niliyosema sina ushahidi nayo." Itauma kidogo, na kuna watakaokucheka.

Siku mbili baada ya mechi ile ya Pretoria ilikuwa Dominika ya Huruma ya Mungu. Tuliomba tuhurumiwe sisi na dunia nzima. Refa naye yumo.

Bwana aweke mlinzi kinywani mwetu. Bikira Maria, Mama wa Shauri Jema, utuombee.