Jirani Asiyetakiwa

Hapana mtu, katika mji wowote wenye waungwana, atakayesimama hadharani akasema kwamba masikini asiye na pa kulaza ubavu na aachwe afie njiani. Bali wapo wengi, tena wenye elimu na jaha, ambao wakishaafiki kwamba malazi yajengwe, huuliza papo hapo kwa upole: mbona hapa kwetu?

Hayo yamedhihirika mno New York, mji ambao, tukitaka kusema kweli, umeishinda mingi kwa ihsani. Kwani mwaka 1981, kwa sulhu iliyofungwa mahakamani baada ya wakili Robert Hayes kuwashitaki wenye mamlaka, mji ulilazimika kumpa kitanda mwanamume asiye na makazi anayekiomba, na baadaye wanawake na familia wakaingia katika haki hiyo. Robert Callahan, ambaye kesi ilichukua jina lake, hakuilalia haki hiyo hata usiku mmoja, kwa kuwa alifariki barabarani kabla sulhu haijatiwa saini.

Vitanda vikaenda palipo rahisi: penye nyumba za bei nafuu na wakaazi wasiosikizwa, kama Bronx. Mwaka 1989 katiba ya mji ikarekebishwa, ikaamuru kwamba mizigo na manufaa ya majengo ya umma yagawanywe kwa insafu baina ya mitaa. Naiafiki, lakini sipendezwi kuona malazi ya binadamu yakiandikwa katika daftari moja na jela na vituo vya taka, kana kwamba mtu aliyetolewa nyumbani kwa kushindwa kodi ni uvundo ambao kila mtaa sharti uvumilie fungu lake.

Januari 2018 ilitangazwa kwamba hoteli kuukuu ya Park Savoy, iliyoko West 58th Street, itawalaza wanaume wapatao 150, karibu kabisa na jumba la One57, ambalo nyumba yake ya juu iliuzwa mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni 100. Majirani wakakimbilia mahakamani, na hoja yao kubwa ikawa ngazi: kwamba ni nyembamba, na moto ukizuka wageni hao wataangamia. Ajabu ya huruma hiyo, ambayo haikuwajia miaka yote wateja wa hoteli walipokuwa wakipanda na kushuka ngazi zizo hizo! Kesi ikapanda hadi mahakama ya juu kabisa ya jimbo, wakashindwa, na malazi yakafunguliwa Novemba 2021.

Hata hivyo, mama wa Bronx akilazwa upande wa pili wa mji, na mwanawe akawa anaamka usiku ili awahi skuli yake ya zamani, hakutendewa insafu, hata kama hesabu ya mitaa imelingana. Mpango wa Meya Bill de Blasio wa mwaka 2017, wa kufungua malazi mapya 90, ulikusudia kuwaweka watu karibu na jamaa zao na skuli zao. Lakini ukifuatwa peke yake, Bronx, inakotoka idadi kubwa ya wasio na makazi, itazidi kujengewa. Kwa rai yangu, mwenye watoto aulizwe kwanza anataka kulala wapi, na asiye na jamaa wa kumfungamanisha na mtaa wowote apewe kitanda hata penye majumba ya fahari. Wala pasiwe na mtaa unaosamehewa kwa sababu tu una uwezo wa kuwalipa mawakili.