Samaki Apandaye na Samaki Ashukaye

Maji mengi ya Unyamwezi hushuka magharibi kwa mito ya Igombe na Ugalla, yakaingia Malagarasi, na kwa Malagarasi yakafika Ziwa Tanganyika. Misafara ya zamani iliuvuka mto huo kwa mitumbwi. Stanley alipovuka mwaka 1871 alidaiwa hongo, na mamba akamla punda wake mmoja.

Wakati wa mvua mto hufurika, na mbuga zikawa kama ziwa. Ndipo kambale hutoka mtoni, wakapanda katika maji machache yenye nyasi ili watage mayai. Wavuvi huziba kijito kwa uzio, wakaacha mlango, na mlangoni hutega mgono. Wako wategao samaki wanapopanda, nao wako wangojao hata maji yapungue, wakawashika wanaposhuka. Mgono ni ule ule. Je, na tendo ni moja?

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, humruhusu mtu aonaye kiota kutwaa makinda, lakini yampasa kumwacha mama yao aende zake. Twaona kwamba haimkatazi mtu kula, bali yamkataza kuumaliza uzazi.

Lakini tusihukumu upesi. Kambale hupanda wakati ambapo vihenge ni vitupu na mahindi bado mabichi. Mama akiambiwa angoje samaki washuke, atatuuliza sisi tulioshiba: na watoto hawa nao wangoje? Hatuthubutu kumhesabia dhambi kwa mgono mmoja. Mbali naye ni yule azibaye kijito chote kwa wavu wa matundu madogo apate kuuza, na yule apondaye utupa akautia dimbwini, hata vidagaa visivyofaa kwa mboga vikaelea vimekufa.

Huko China, katika mto Li, mvuvi humfunga mnandi kamba shingoni asiweze kummeza samaki mkubwa, lakini wadogo humwachia ameze. (Siku hizi wengi hufanya hivyo kwa ajili ya watalii tu.) Hata ndege mtumwa ana fungu lake; mtia utupa hamwachii mtu fungu, wala mwanawe mwenyewe.

Mwaka 2000 bonde la Malagarasi na Muyovosi liliandikwa, la kwanza kwa Tanzania, katika mapatano ya mataifa ya kulinda nchi za majimaji, yaliyofanywa Ramsar mwaka 1971. Ni vema. Ila habari za mama yule hazimo katika mapatano. Wasomaji mkaao karibu na mto, tuandikieni: wazee wenu walimwambiaje?